Windo Likimbialo, Windo Lililolala

Kijana mmoja wa baraza letu la washairi alinisomea tafsiri yake ya tendo la nne la Macbeth, tamthilia ya Shakespeare. Alipofika pahala ambapo Ross anamletea Macduff habari ya kuuawa kwa mkewe na watoto wake, akasoma "machimbo". Nikamsimamisha. Neno lililokuwa mbele yake ni "quarry", na kamusi ilimpa maana aliyoikuta mwanzo: mahali pachimbwapo mawe.

Kamusi haikusema uongo. Humo mna maneno mawili yaliyofanana sura bila ya kuwa ndugu. La mawe limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya mraba, kwani mawe huchongwa pembe nne. La wawindaji limepitia Kifaransa cha kale. Ayala alipokwisha uawa, mbwa walipewa fungu lao la matumbo juu ya ngozi ya mnyama huyo, na fungu hilo ndilo lililoitwa hivyo. Baadaye jina likahamia kwenye rundo la wanyama waliouawa. Kisha likamwendea mnyama anayefukuzwa, naye yu hai bado.

Maana hii ya mwisho ndiyo iliyoenea leo. Mnyama afukuzwaye na mbwa, ndege arukiwaye na kipanga, hata mtu asakwaye na polisi, wote huitwa "quarry". Windo la simba Waingereza huliita zaidi "prey", neno ambalo asili yake katika Kilatini ni ngawira. Sisi "windo" linatutosha kwa simba na kwa msasi.

Lakini Shakespeare, aliyeandika tamthilia hii mwanzoni mwa karne ya 17, alikusudia rundo. Ross anachelea kusimulia namna mauaji yalivyotendeka, kwa kuwa simulizi hiyo yaweza kumuua Macduff na kuongeza mwili wake juu ya miili ya watu wake. Mfasiri akiona mnyama anayekimbia, fikra yote inavunjika: maiti haiongezwi juu ya kitu kilicho mbioni. Tena, neno la Kiingereza la ayala hutamkwa sawasawa na lile la mpendwa. Katika rundo lile sikio linawasikia wanyama na wapenzi kwa pamoja.

Tufasirije basi? "Rundo la mizoga" linahifadhi picha, lakini linaharibu heshima. Kwa msomaji wa pwani mzoga ni mfu asiyechinjwa, najisi isiyoliwa. Ross akitamka hivyo mbele ya baba aliyefiwa, atakuwa amemtukana badala ya kumhurumia. Mimi naona "mawindo" yanafaa zaidi. Mtu huenda mawindoni, na akirudi husemwa kuwa amerudi na mawindo: neno letu linamchukua mnyama tangu mbioni hadi begani. Linalohitajika ni kitenzi cha kuyatuliza, kama vile "mawindo yaliyolazwa", ili msomaji asiyaone yakikimbia. Ule mlio wa ayala na mpendwa hatuwezi kuupata katika neno moja. Tusiulazimishe. Tuuache upenzi usikike katika mshororo wa jirani.

Tamthilia hii si ngeni kwetu, S. S. Mushi aliifasiri kwa jina la Makbeth mwaka 1968. Kila kizazi kina haki ya kujaribu tena, ila jaribio lianze kwa kuuliza kila neno lilikuwa na umri gani lilipotumiwa na mtunzi. Kijana wetu alirudi juma lililofuata na mshororo mpya. Baraza lilinyamaza kidogo, kama linyamazavyo mtu anapotajiwa msiba. Hapo nikajua kuwa hatukuwa tukibishana juu ya wanyama. Tulikuwa tukimtafutia baba mmoja maneno ya kupewa habari ya wanawe bila ya kudhalilishwa.