Nyoka wa Mstari Mmoja

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Waliotunga methali hii walikwisha kuona kile ambacho mchoraji wa vitabu vya watoto hukutana nacho mara tu anaposhika kalamu: nyoka na ung'ongo ni umbo moja. Tembo ana mkonga. Sungura ana masikio, ukiyasimamisha amechangamka, ukiyalaza ana huzuni. Nyoka hana bega la kupandisha wala nyusi za kukunja. Hata kope hana. Jicho lake limefunikwa na gamba angavu na halifumbi, usiku wala mchana. Mchoraji amepewa mstari mmoja, basi, na kwa mstari huo amfanye mtoto ampende mnyama ambaye nyumbani ameambiwa amkimbie.

Msimuliaji ana nafuu. Katika ile hadithi ya Unguja ya Sultani wa Nyoka, ambayo Edward Steere aliichapisha mwaka 1870, nyoka anazungumza na anamhurumia mwanadamu, na kila msikilizaji anajichorea sura yake kichwani. Kwenye karatasi hakuna pa kujificha.

Kwa hiyo kila nikitaka kujua kazi hii inavyofanywa, narudi kwenye Crictor, kitabu cha Tomi Ungerer cha mwaka 1958. Ungerer alizaliwa Strasbourg, Ufaransa, mwaka 1931, mtoto wa mtengeneza saa. Crictor ni boa, nyoka wa Amerika, jamaa wa mbali wa chatu wetu: wote wawili huua kwa kubana, ila chatu hutaga mayai na boa huzaa. Bibi mmoja wa mji mdogo wa Ufaransa, Madame Bodot, anatumiwa zawadi na mwanawe anayesomea wanyama watambaao. Posta wanaleta sanduku la umbo la O. Tazama hapo jinsi fundi anavyoanza: hata kabla ya kifuniko kufunguliwa, sanduku limekwisha kutwambia kwamba kilichomo kimejikunja. Bibi anapiga ukelele, kisha anampeleka nyoka kwenye bustani ya wanyama kuhakikisha kwamba hana sumu. Baada ya hapo ni mwanawe. Anamnywesha maziwa kwa chupa, anamnunulia mitende ajisikie yuko kwao, na baridi inapoingia anamfumia sweta. Sweta hilo nimelitazama sana. Mnyama asiye na mikono hahitaji sweta la mikono, kwa hiyo ni bomba refu la sufu tu, na nyoka aliyelivaa amebaki nyoka. Mchoraji mvivu angemwotesha viganja.

Kitabu kizima kina wino mweusi na rangi chache mno, kijani na wekundu. Mstari haupambwi. Ukurasa ninaoupenda kuliko yote ni ule wa shuleni, kwa maana Madame Bodot ni mwalimu na Crictor huenda naye darasani. Huko anawafundisha watoto herufi na tarakimu kwa mwili wake. S ni rahisi, nyoka amezaliwa nayo. Tarakimu ndizo zinazonishika. Ili awe 8, idadi ya mikono ya pweza, lazima mwili ujipite juu yake wenyewe, na jicho la mtoto lijue ni sehemu gani iko juu na ipi iko chini. Chukua kamba nene uijaribu sakafuni. Utaona inavyovimba pale inapokatana, na ncha zinavyokataa kutulia. Kwa Ungerer unene hauyumbi, mkia unapungua taratibu, na tarakimu inasomeka mara moja. Mstari uleule ni mnyama na ni maandishi, na hakuna upande uliopunjwa.

Antoine de Saint-Exupéry naye alimchora boa, mwaka 1943, mwanzoni mwa kitabu ambacho kwa Kiswahili kimetolewa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam kwa jina la Mwana Mdogo wa Mfalme. Boa wake amemeza tembo, na watu wazima wanaona kofia. Hapo mstari unaficha. Ni werevu mkubwa, lakini ni wa mara moja. Nyoka mwenyewe hatumjui. Crictor tunamjua.

Na tunamjua kwa sababu hakunyang'anywa kubana kwake. Mwizi anapoingia usiku na kumfunga bibi kwenye kiti, Crictor anamzingira na kumshika mpaka polisi wafike. Misuli ileile ambayo porini hukaza mpaka damu ya windo isimame, hapa inashika tu, haiui. Mji unampa nishani na kumjengea sanamu. Ungerer aliwachorea watoto pweza, popo na tai mla mizoga pia, wanyama wasio na mtetezi, na mwaka 1998 alipewa tuzo ya Hans Christian Andersen kwa uchoraji wake.

Kwenu wachoraji wa Dar es Salaam, Nairobi na Lubumbashi: chatu ni wa kwetu, na ukindu wa kujifunzia mstari umejaa sokoni. Mchoreni. Nawe msomaji, Crictor akikufikia mkononi, usianze na maneno. Fungua ukurasa wa shuleni, mwache mtoto aweke kidole kwenye mkia, akisukume taratibu mpaka kichwani bila kukiinua.