Tabaka Chini ya Rangi

Wamarekani wana magari yao ya misuli, kina Pontiac GTO na Ford Mustang, yaliyoanza kutamba mwaka 1964 kwa injini za silinda nane na mngurumo unaofika kabla ya gari lenyewe. Huku Eldoret nguvu za gari tulizipima vingine. Tuliuliza limebeba watu wangapi kutoka Nakuru, limepandaje Timboroa barabara ikiwa imelowa, na kama dereva alilazimika kushuka kufungua boneti. Kwa kipimo hicho, gari letu la misuli ni Peugeot 504, hasa ile ndefu ya safu tatu za viti, iliyobuniwa kwa ajili ya familia kubwa za Wafaransa ikaishia kuwa matatu ya Bonde la Ufa.

Sifa hiyo haikuja bure. Mbio za magari za Safari za mwaka 1963 zilimalizwa na magari saba tu. Mwaka 1968 yakamaliza saba tena. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki, akiendesha Peugeot 404, iliyoitangulia 504. Yenyewe 504 ilitoka mwaka 1968, ikatwaa tuzo ya gari bora la mwaka barani Ulaya 1969, ikashinda Safari mwaka 1975 mikononi mwa Ove Andersson, kisha 1978 ikiwa na injini ya silinda sita na Jean-Pierre Nicolas kwenye usukani. Huko Mombasa 504 iliendelea kuunganishwa hadi 2004. Ndiyo maana ukipita mashambani upande wa Moiben au Ziwa hukosi kuona bodi ya pikapu ya 504 imelala nyuma ya ghala la mahindi, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva.

Ninalo moja uani kwangu, lile refu la matatu, na limekaa hapo miaka mingi kuliko ile ambayo mke wangu aliikubali.

Mafundi wetu wa jua kali wana kipaji cha kuliwahi gari lisife. Likikwama Burnt Forest saa mbili usiku na abiria wamejaa, hakuna wa kungoja spea kutoka Kirinyaga Road, Nairobi. Fundi atakata, atafunga waya, atapachika kilichopo, na asubuhi gari litakuwa barabarani. Mamilioni ya safari za nchi hii zimetegemea akili hiyo. Kufufua gari kuukuu ni kazi ya kinyume. Hapa hakuna abiria wa kuharakisha. Unavua tabaka moja baada ya jingine, kila kilichoongezwa na kila aliyepita, na kabla ya kukitupa unajiuliza mwenzako alikuwa na shida gani siku ile. Kwangu mimi ufundi wenyewe uko hapo: kuusoma mkono wa fundi ambaye hutawahi kumjua.

Chukua ubavu wa kushoto wa gari langu, pale juu ya gurudumu la nyuma. Juu kabisa palikuwa na rangi nyeupe, ya haraka, iliyorukia hadi kwenye mpira wa dirisha. Msasa ulipoila nyeupe, ukajitokeza mstari wa manjano. Mstari huo una tarehe. Kanuni za Waziri John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, ziliitaka kila matatu iwe na mstari wa manjano ubavuni, mikanda ya abiria na kidhibiti mwendo. Basi gari hili lilikuwa likibeba watu hata baada ya hapo, wakati Nissan zilikuwa zimeshaliteka soko. Chini ya manjano kulikuwa na krimu, na hiyo krimu si ya kiwandani, kwa sababu ilikuwa imefunika filla nene kama kidole gumba. Chini ya filla, kipande cha debe la mafuta ya kupikia kilichofungwa kwa ribiti, maandishi yakitazama ndani. Chini ya debe, kutu.

Ni rahisi kucheka. Lakini lile debe lilikuwa limekunjwa ukingoni mara mbili lisimkate mtu mkono, na ribiti zake zilipangwa kwa nafasi sawasawa kana kwamba kuna atakayekuja kuzikagua. Aliyeifanya kazi ile hakuwa na bati la geji inayofaa wala gesi ya kuchomelea. Jicho alikuwa nalo.

Anayenisaidia upande wa bodi ni mzee mmoja wa Langas, ambaye ananiita kijana ingawa ndevu zangu zimeanza kuwa nyeupe. Kumtazama akinyoosha bati ni elimu. Mkono mmoja unashika chuma kizito upande wa ndani, mwingine unashika nyundo upande wa nje, na hapigi palipoinuka moja kwa moja. Anaanza pembeni, akizunguka, akilirudisha bati kidogo kidogo. Bati lililogongwa kwa miaka limetanuka, na ukiendelea kuligonga linazidi kutanuka. Kwa hiyo anapasha nukta moja moto hadi iwe nyekundu, anaigusa kwa nyundo mara chache, kisha anaikandamiza kwa kitambaa kilicholowa. Bati linajivuta. Halafu anafumba macho na kupitisha kiganja.

“Hapa bado, kijana.”

“Mzee, mimi sioni kitu.”

“Rangi itaona.”

Marekani leo mtu anaweza kununua bodi nzima mpya ya Mustang ya miaka ya 1960, ikaletwa nyumbani kwake kwa lori. Sina kinyongo nao, ila sidhani kama hapo kuna kufufua. Hiyo ni kuunganisha. Kwetu spea ni pikapu iliyokufa shambani, kwa kuwa milango ya mbele na vipande vingi vya usoni vinaingiliana. Na gari lenyewe lazima liwe lilikuwa hapa tangu zamani, maana kwa kawaida Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka minane. Langu lina namba isiyo na herufi ya mwisho, yaani lilisajiliwa kabla ya mtindo wa sasa kuanza mwaka 1989. Kila tundu lililomo ndani yake lilitobolewa na barabara zetu.

Injini ilinipa somo jingine. Mji huu, au niseme jiji, tangu Agosti 2024, uko takribani mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na ya Mombasa, lakini kabureta haina habari. Inamwaga petroli ileile. Plagi zinatoka nyeusi, gari linakohoa na kunywa kama ng'ombe wa kiangazi. Nilipoifungua kabureta nikakuta unyuzi mmoja wa shaba, wa waya wa kawaida wa umeme, umepitishwa kwenye tundu la jeti ili kulibana. Fundi fulani alikosa jeti ndogo, akajitengenezea. Nimetafuta jeti ndogo ya kweli nikaifunga, na unyuzi ule nimeuhifadhi.

Jambo moja walilolifanya vizuri Wafaransa ni kuipa kila silinda slivu yake, ambayo maji yanaizunguka. Ikichakaa unaivuta na kuweka nyingine, bila kupeleka bloku kuchongwa mashineni. Uangalifu unaotakiwa ni mmoja: ukishaondoa silinda hedi, usizungushe krenki kabla ya kuzibana slivu, la sivyo zitainuka na maji yatashuka kwenye oili. Nadhani nusu ya umri mrefu wa 504 katika nchi zetu unatokana na uamuzi huo, wala si na hizo hadithi za chuma cha zamani kuwa kizito.

Rangi ni suala la kalenda. Mvua za Uasin Gishu huanza Machi au Aprili na kukaa hadi Septemba hivi, na rangi ya kupuliza haielewani na unyevu: tina ikiruka inalipoza bati, mvuke unatua juu yake, na ubavu mzima unafubaa weupe. Kwa hiyo wakati wa mvua tunafanya kazi ya injini chini ya paa, na rangi inangoja Januari. Januari nayo ina karo za shule, na malipo ya mahindi hayaji kwa ratiba ya mtu yeyote. Wanaouliza kwa nini gari halijaisha wajue hesabu iko hapo.

Kilichobaki sasa ni feni. Kiwandani 504 ilipewa feni inayoshikwa kwa sumaku ya umeme: injini ikipata joto feni inanasa, ikipoa inaachia. Kwenye gari langu mtu aliifunga kwa bolti tatu izunguke muda wote. Ninayo sumaku nzima niliyoitoa kwenye gari jingine, na kwa haki ya kufufua ningeirudisha. Mzee hataki kusikia. Anasema aliyefunga zile bolti alikuwa na watu kumi ndani na mizigo juu, na hakuwa tayari kuukabidhi mlima kwa waya mmoja. Mimi namjibu kwamba siku hizi hakuna watu kumi. Tumebishana kuhusu jambo hilo kwa chai nyingi. Kwa sasa bolti ziko mahali pake, kwa sababu mlima wa kwanza tutakaojaribu ni wa Tambach, kutoka Bonde la Kerio, na bei ya silinda hedi ya 504 naijua.