Matako Tisa ya Chemosit: Mzaha na Uzito katika Safari za Kifantasia

Katika uhakiki wa fantasia, mzaha na uzito huchukuliwa mara nyingi kuwa mahasimu: kicheko kikiingia, hofu hutoka. Dhana hii imejitokeza pia miongoni mwa wapenzi wa michezo ya kuigiza inayochezewa mezani, hususan Dungeons & Dragons, iliyotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Humo, msimamizi husimulia pango, zimwi au mtego. Kila mchezaji huamua tendo la mhusika wake, na dadu hutoa hukumu. Tukimfuata Mulokozi (1996), anayeiona fasihi simulizi kuwa tukio linalowakutanisha fanani na hadhira mahali na wakati maalumu, mchezo huu ni jamaa wa karibu wa ngano. Tofauti ni kwamba hadhira yake haiitikii tu, bali hutenda. Hoja ya makala haya ni kwamba suala si kiasi cha mzaha, bali ni mahali unaposimama: ndani ya ulimwengu wa hadithi au nje yake.

Mfano bora unapatikana katika simulizi za Wakalenjin. A. C. Hollis, katika The Nandi (1909), aliandika habari za zimwi Chemosit: nusu mtu, nusu ndege, mwenye mguu mmoja, matako tisa, na kinywa chekundu king'aacho usiku kama taa. Huenda kwa kuegemea fimbo mithili ya mkuki. Kikipsigis ni ndugu wa karibu wa Kinandi, hivyo zimwi hili si mgeni kwa msikilizaji wa Silibwet, katika Kaunti ya Bomet. Hesabu ya matako hayo huchekesha. Hata hivyo, Chemosit huimba usiku karibu na makazi. Watoto wakiona mwanga na kusikia wimbo hudhani kuna ngoma, huenda, wasirudi. Hapa furaha yenyewe ndiyo chambo. Kicheko hakiipunguzi hofu; huifungulia mlango.

Kanuni hiyohiyo inaweza kupima safari mbili za mezani. Dungeonland ya Gygax (1983) inawapeleka wachezaji katika ulimwengu uliotokana na kisa cha Alice cha Lewis Carroll (1865). Viumbe wake ni vichekesho, lakini hatari zao ni za kweli kwa mhusika: anaweza kufa katikati ya upuuzi. Castle Greyhawk (1988), iliyoandikwa na waandishi kadhaa, ni tashtiti. Mizaha yake mingi hutegemea filamu na matangazo ya biashara ya Marekani. Mchezaji hacheki kwa sababu ya kilichomo pangoni, bali kwa kukumbuka kitu kilicho nje yake. Na akumbukapo, pango hutoweka.

Yawezekana kujibu kwamba tashtiti ina haki yake, na haifai kupimwa kwa mizani ya hofu. Hilo ni kweli. Lakini tashtiti ya aina hii huhitaji hadhira inayokijua kinachodhihakiwa. Kijana wa Silibwet asiyeyajua matangazo hayo hubaki nje ya kicheko, ilhali matako tisa hayahitaji mfasiri. Mzaha uliojengwa ndani ya umbo la zimwi husafiri pamoja nalo.

Matokeo ya hoja hii yanaigusa pia kazi ya kukusanya na kufundisha ngano. Mhariri anayeyafuta matako ya Chemosit ili kuipa hadithi heshima huenda akadhani ameulinda uzito wake. Kinachobaki ni jitu linalokula watoto, mfano wa majitu mengi. Kilichopotea ni onyo lenyewe: kwamba hatari huweza kuja ikiimba, katika umbo la kuchekesha, na mtoto akaifuata kwa hiari.