Zaburi Hazina Vina: Kumbukumbu ya Euphrase Kezilahabi

Tarehe 9 Januari 2020 alifariki dunia Profesa Euphrase Kezilahabi, mshairi, mwandishi wa riwaya na mwalimu wa chuo kikuu. Alizaliwa mwaka 1944 Namagondo, Ukerewe. Akasoma Seminari ya Nyegezi, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako alikuja kufundisha fasihi kwa miaka mingi kabla ya kuhamia Chuo Kikuu cha Botswana. Wengi waliomsifu baada ya kufa kwake walitaja riwaya zake. Sisi twapenda kumkumbuka kwa ushairi wake, maana humo anatugusa sisi ambao kazi yetu ni kusoma Maandiko mbele ya watu.

Mwaka 1974 alitoa diwani yake ya kwanza, Kichomi. Mashairi yake mengi hayakufuata vina wala mizani. Alitaka ushairi useme kwa lugha ya kila siku, ile ambayo watu huzungumza nayo. Wako waliomshangilia, na wako waliosema kwamba kisicho na vina na mizani si shairi, au kwamba ni guni tu. Ugomvi huo ulidumu miaka mingi. Mwaka 1986 Jumanne Mayoka alikiita kitabu chake Mgogoro wa Ushairi na Diwani ya Mayoka. Hata hivyo Kezilahabi hakuikataa mila kwa kutoijua, kwa kuwa tasnifu yake ya shahada ya pili, ya mwaka 1976, ilimchambua Shaaban Robert.

Katika mgogoro huo wasomaji wa Biblia wana ushahidi ambao hautajwi mara nyingi. Mtu akisimama kanisani Magindu, wilayani Kibaha, akasoma Zaburi katika tafsiri yetu ya mwaka 1952, hasomi vina, wala hahesabu mizani. Lakini wasikilizaji watambua mara moja kwamba hayo si maneno ya tangazo. Kwa nini? Ushairi wa Kiebrania husimama juu ya mistari miwili inayojibizana: wa pili huurudia wa kwanza, au huupinga, au huukamilisha. Jambo hilo lilielezwa kwa utaratibu mwaka 1753 na Robert Lowth wa Uingereza, ambaye baadaye alikuwa askofu wa London. Mpango wa namna hiyo hauharibiki unapovuka kutoka lugha moja kwenda nyingine, kwa sababu umekaa katika fikira. Basi anayesema kwamba Kichomi si ushairi kwa kukosa vina, na aseme pia Zaburi ni kitu gani.

Hatusemi kwamba vina ni bure. Shairi la vina hukaa kinywani; mama shambani hulishika bila kitabu, na nyimbo zetu za ibada zategemea jambo hilo. Mashairi ya Kezilahabi hayaimbiki kwa urahisi, na msomaji hulazimika kuyarudia akiwa peke yake. Hiyo ni hasara ya kweli. Faida yake ni kwamba mshairi hasukumwi na kina kulitia neno ambalo hakulikusudia.

Lakini shida ya watumishi wa kanisa kwa Kezilahabi haikuwa vina. Riwaya yake ya Rosa Mistika, ya mwaka 1971, ilipata kupigwa marufuku shuleni, ingawa inamwonya kila mzazi aliye kama Zakaria, ambaye ukali wake haukumlinda binti yake. Kazimoto wa Kichwamaji anajiua. Katika Kichomi shairi “Kisu Mkononi” linamweka mtu mbele ya wazo la mauti bila kumpa mfariji. Wengine wakaamua kwamba mwandishi wa namna hii hafai kwa vijana wa kanisa.

Twaona kwamba uamuzi huo ulikuwa wa haraka. Zaburi ya 88 yaishia gizani, na waliokusanya kitabu hawakuongeza mstari wa faraja. Ayubu aliilaani siku ya kuzaliwa kwake. Kanisa lililohifadhi maneno hayo haliwezi kushtushwa na kilio cha mwingine. Hata hivyo tusimfanye Kezilahabi kuwa mtunga zaburi. Mlalamikaji wa Zaburi ya 88 analia kwa Mungu; yule wa Kichomi mara nyingi analia bila kujua kama yuko asikiaye. Tofauti hiyo ni kubwa, na kumheshimu marehemu ni kuiacha ilivyo.

Tena hakuwa mwepesi sikuzote. Mshairi aliyedai lugha ya watu aliandika baadaye Nagona (1990) na Mzingile (1991), vitabu vinavyowashinda hata wasomi. Diwani zake za baadaye, Karibu Ndani (1988) na Dhifa (2008), zamfikia msomaji kwa njia iliyo karibu zaidi.

Mchungaji akiitwa usiku kwenye nyumba ambamo kijana amejitoa uhai, atakutana na maswali ya Kazimoto, na hatapewa muda wa kuyasoma kwanza. Heri ayasome sasa, Kichomi ikiwa upande mmoja wa meza na Zaburi upande wa pili.