Neno "Clann" la Kigaeli na Tafsiri ya Milango Yetu

Katika maandishi yahusuyo jamii za Kiafrika, neno la Kiingereza "clan" hutumiwa kana kwamba ni kipimo kisicho na kwao. Dhoot ya Wajaluo hupimwa kwalo, muhiriga wa Wakikuyu kadhalika, na ukoo wa Waswahili haukusalimika. Ni nadra kuulizwa kipimo chenyewe kilitoka wapi.

Kwao ni Kigaeli. Katika Kigaeli cha Eire, na cha Uskoti vilevile, clann ni watoto: aulizwaye kama ana clann haulizwi nasaba yake, bali kama amezaa. Wala neno hilo si la Kigaeli kwa asili. Latokana na Kilatini planta, yaani chipukizi, nalo liliingia Eire zama za Ukristo wa mwanzo. Kigaeli cha wakati huo hakikuwa na sauti ya p, na wenyeji wakaitamka k, iandikwayo c. Ndivyo purpura, rangi ya zambarau, ilivyokuwa corcur, na Pascha, yaani Pasaka, ilivyokuwa Cáisc. Baadaye ulimi ulizoea, na maneno yaliyochelewa kufika yakabaki na p yake, kama póg, busu, litokanalo na neno la Kilatini la amani. Ajuaye jinsi khabar ya Kiarabu ilivyokuwa habari hatastaajabu. Kiwelisi, kilichokuwa na p tangu hapo, kililipokea neno lile lile, na hata leo plant katika lugha hiyo ni watoto.

Kutoka watoto neno likapanda hadi kwa kizazi kizima: Clann Dòmhnaill ni wana wa Dòmhnall, mithili ya banu ya Waarabu. Lakini akosea adhaniye kwamba hilo ndilo jina la kisheria la undugu wa Wagaeli wa kale. Sheria za Eire za karne ya 7 na ya 8 hutaja fine, na ndani yake derbfine, yaani uzao wa baba wa babu mmoja kwa upande wa kiume. Waingereza walilipata "clan" kutoka Uskoti, ambako wengi walioitwa wana wa mkuu fulani walikuwa wapangaji wa ardhi yake tu, waliochukua jina bila damu. Baada ya vita vya Culloden vya 1746, Bunge liliwanyang'anya wakuu hao mamlaka ya kuhukumu; jina likabaki.

Hata wanaelimu walilitilia shaka. Murdock, mwaka 1949, alilihifadhi kwa kundi la nasaba linalokaa pamoja, na nasaba isiyotegemea makazi akaiita "sib". Wengi hawakumfuata.

Kenyatta, katika kitabu chake cha 1938, alitumia "clan" pia, ila aliweka mbari na moherega mbele ya msomaji, hivi kwamba tafsiri ikikosea, lenyewe neno lipo la kuirekebisha. Evans-Pritchard naye, mwaka 1940, aliandika kwamba Wanuer huita tawi la nasaba thok dwiel, mlango wa nyumba. Dhoot ya Kijaluo ni picha ile ile: mdomo wa nyumba. Waswahili nao husema mlango.

Hapa ndipo "clan" inapoficha jambo zito. Chipukizi lina shina moja, na shina hilo ni baba. Mlango ni wa nyumba, na nyumba katika boma la mume wa wake wengi ni ya mama. Kwa Wajaluo na Wanuer, ambao huhesabu nasaba kwa waume, wana wa baba mmoja aghalabu huachana penye milango ya mama zao, na kila mlango huweza kuwa mwanzo wa tawi jipya. Jina la baba huunganisha. Nyumba ya mama hugawa. Kamusi inayoandika "clan" mbele ya dhoot na kunyamaza imemtoa mama huyo katika nasaba, na mwanafunzi aisomaye hataweza kueleza kwa nini ndugu wa baba mmoja wana milango miwili.