Kupima Santuri ya Siku Moja

Tarehe 17 Septemba 1962, katika studio moja ya New York, Duke Ellington alikaa kwenye piano, Charles Mingus akashika besi ya kusimama, Max Roach akakaa nyuma ya dramu. Walirekodi siku hiyo, wakaachana, na hawakurekodi tena wakiwa watatu. Kazi yao ilitoka kama santuri ya Money Jungle. Nikiulizwa jinsi ya kutambua rekodi bora ya piano, besi na dramu, naanzia hapo, ingawa wapo wanaoiona ina makwaruzo mengi.

Makwaruzo hayo ndiyo ya kujifunzia. Bendi iliyokaa pamoja miaka kumi ina haki ya kudaiwa ulaini, maana kila mmoja anajua mwenzake atakanyaga wapi. Watu waliokutana kwa siku moja tuwadai usikivu. Mfuate mpigaji mmoja tu tangu mwanzo wa wimbo, na kila anapobadili kitu jiulize nani kamfanya abadili. Ukikuta jibu liko kwa mwenzake, hiyo rekodi ina uhai. Ukikuta kila mmoja anaendelea na lake, weka kando, hata majina ya kwenye jalada yawe makubwa namna gani.

Anza na besi, kwa kuwa ndiyo inayopotea upesi masikioni. Aliyewahi kukaa karibu na kundi la taarabu la Unguja anaijua sauti ile inayoingia kifuani kabla ya kufika sikioni. Katika wimbo wa kwanza, uliobeba jina la santuri, Mingus anaukwatua uzi kwa nguvu, anaupinda, anang'ang'ania noti ileile mpaka unahisi vidole vyake vitachanika. Ellington anamjibu kwa mafungu ya noti kali, zenye kona, mengine mazito kama kitu kilichoangushwa. Alikuwa na miaka 63. Mingus alikuwa na 40, Roach 38. Mzee angeweza kujikinga na sifa zake, na vijana wangeweza kumnyenyekea. Sikiliza kama utaona dalili ya lolote kati ya hayo. Mimi sijaiona.

Kuna kisa kinachosimuliwa sana, na kina ukweli. Mingus na Roach walikuwa wamejuana zamani: mwaka 1952 walianzisha pamoja kampuni ya santuri, Debut. Kwa Ellington, Mingus alipita kwa muda mfupi mwaka 1953 na akafukuzwa baada ya kugombana na mpiga tromboni Juan Tizol. Siku ya kurekodi nayo haikupita salama. Ellington mwenyewe amesimulia jinsi Mingus alivyofungasha besi yake akaondoka, naye akamfuata na kumbembeleza mpaka akarudi. Kisa kisikuzibe masikio. Hasira peke yake haijawahi kutoa muziki mzuri, na wengi wameisifu santuri hii kwa ugomvi wake bila kuisikiliza. Pima walichoifanyia hasira ile. Katika Caravan, wimbo ambao Ellington aliutunga pamoja na huyohuyo Tizol, dramu zinasukuma, besi inavuta, na mdundo haukatiki.

Lakini kipimo kigumu kuliko vyote ni ukimya, na hapo ndipo ninapokaa muda mrefu. Wimbo wa pili, unaohusu ua la Kiafrika, Ellington aliwaeleza wenzake kwa picha tu: ua lililochipua katikati ya msitu ambao binadamu hajaufikia. Piano inapiga sauti chache, kisha inangoja. Besi inatetemeka juu, kama mabawa ya mdudu. Roach anagusa ngoma kwa upole, chini kabisa. Hesabu mara ambazo angeweza kupiga akajizuia. Mpiga dramu wa kawaida huona pengo akalijaza. Huyu aliliona akalilinda. Nimesikia rekodi nyingi za mabingwa zikifia hapo hapo, kwenye pengo ambalo hakuna aliyekubali kuliacha wazi.

Ukinunua, jua kwamba matoleo ya baadaye yameongezwa nyimbo na majaribio yaliyobaki studio. Yana faida kwa mtafiti. Wewe anza na nyimbo saba za awali kwa mpangilio wake, kwa sababu zinafika mahali.

Zinafika kwenye Solitude. Ellington aliutunga mwaka 1934. Kufikia siku ile alikuwa ameubeba miaka 28, na wimbo wa namna hiyo vidole hupiga vyenyewe hata moyo ukiwa mbali. Anauanza peke yake. Anasita palepale ulipozoea kusikia noti, anaigeuza, anairudia kana kwamba ndiyo kwanza anaitafuta. Wenzake wako chumbani, kimya. Karibu na mwisho ndipo besi inaingia, na dramu pamoja nayo, taratibu, kama watu waliokaribishwa.