Jina la Ukoo Lisilo la Ukoo: Tahakiki ya Istilahi Moja ya Fomu Zetu

Zipo istilahi ambazo wataalamu huzijadili kwa miaka kabla ya kuzipitisha, na zipo nyingine ambazo huingia katika lugha kupitia meza ya karani: hupigwa chapa kwenye fomu, na tangu siku hiyo hazipati mtu wa kuzihoji. "Jina la ukoo" ni mojawapo ya hizo za pili. Mwalimu huiandika katika daftari la mahudhurio, mfasiri huitumia kila akutanapo na jina la mwisho la mzungu, na mtumishi wa serikali humdai mwananchi ailete kama vile kila mwananchi anayo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba si kila mwananchi anayo, na kwamba pale asipokuwa nayo istilahi hii humlazimisha aseme uongo juu ya nafsi yake bila kujua.

Tuanze na maana. Ukoo ni kundi la watu wanaojitambua kuwa wametokana na mhenga mmoja. Kwa hiyo jina la ukoo halina budi kuwa jina la kundi hilo, linalochukuliwa na wote waliomo na lisilochukuliwa na aliye nje. Hatusemi kwamba kitu cha namna hiyo hakipo katika Afrika ya Mashariki. Kipo. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, na mwanawe Profesa Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1933, wote wawili ni Mazrui kwa sababu Wamazrui ni ukoo unaojulikana katika historia ya pwani. Vivyo hivyo Uchagani, Mushi, Massawe na Mosha ni majina ya koo, na anayejiita hivyo ametaja asili yake. Kwa watu hao fomu imesema kweli. Kosa letu ni kudhani kwamba ukweli wa Mombasa na wa Moshi ni ukweli wa nchi nzima.

Tutazame sasa hali ilivyo kwa Wahaya wa Mkoa wa Kagera. Mhaya ana ukoo, tena ukoo wenye nguvu. Huuita oruganda, na kila ukoo una jina lake na mwiko wake, uitwao muziro. Abahinda, kwa mfano, ndio ukoo uliotoa watawala wa Karagwe na wa Ihangiro. Mtoto hufuata ukoo wa baba yake. Watu wa ukoo mmoja hawaoani. Na mwanamke aolewapo habadili ukoo wake. Hata hivyo, kwa desturi jina la ukoo huo halikai ndani ya jina la mtu. Mhaya akiulizwa jina lake hujibu jambo moja, na akiulizwa ukoo wake hujibu jambo jingine kabisa. Haya ni maswali mawili, na fomu yetu imeyafanya moja.

Jina la Kihaya, kwa asili, ni la mtu mmoja. Alipewa yeye, siku yake, kwa sababu yake. Mengine hutaja neema: Mugisha ni baraka, Muganyizi ni mwenye huruma, Kemilembe ni binti wa amani, Kokushubira ni binti wa matumaini. Mengine hutaja mpangilio wa kuzaliwa, kama Kato na Nyakato kwa mapacha, na Kaiza kwa anayewafuata. Mengine ni sifa: Mutalemwa ni asiyeshindwa. Na mengine ni sentensi kamili ambazo mzazi aliwaelekezea majirani kupitia kwa mtoto. Kiambishi ti- ni kikanushi, kama ha- ya Kiswahili. Hivyo Tibanyenda ni "hawanipendi", na Tibaijuka ni "hawakumbuki". Mwalimu wa Kiswahili atatambua mara moja jinsi sarufi ya majina haya ilivyo karibu na ya lugha anayoifundisha.

Mfano ulio bora zaidi ni wa mtu anayejulikana duniani kote. Laurean Rugambwa, mzaliwa wa Bukoba, alifanywa kardinali mwaka 1960, akawa Mwafrika wa kwanza kupata cheo hicho katika nyakati zetu. Vitabu vya kigeni huandika Rugambwa kuwa jina lake la ukoo. Lakini baba yake aliitwa Domitian Rushubirwa. Rugambwa latokana na okugamba, kusema, na maana yake ni "anayesemwa", yaani mtu wa kutajwa. Rushubirwa latokana na okushubira, kutumaini, na maana yake ni "anayetumainiwa". Baba na mwana, ukoo mmoja, majina mawili yasiyofanana. Kisha mwaka 2023 Kanisa lilipata kardinali mwingine mzaliwa wa Bukoba, Protase Rugambwa. Msomaji aliyezoea fomu zetu atahitimisha papo hapo kwamba wawili hawa ni wa ukoo mmoja, ilhali jina peke yake si ushahidi wa undugu wowote. Hivyo istilahi yetu huwatenga baba na mwanawe, na huwaunganisha watu kwa sababu tu kwamba wazazi wao walipendelea neno lile lile.

Tuchukue sasa mfano wa kubuni, tuuweke Kashai, katika Manispaa ya Bukoba. Mzee Tibanyenda alimzaa Mutalemwa. Mutalemwa ana watoto watatu: Kemilembe, Mugisha na Muganyizi, na kila mmoja ana pia jina la ubatizo. Mtoto wa kwanza aliandikishwa shule na mama yake, aliyetaja jina la ubatizo na la Kihaya tu; kwa hiyo "ukoo" wake ukawa Kemilembe. Wa pili aliandikishwa na baba, aliyeongeza jina lake mwenyewe. "Ukoo" ukawa Mutalemwa. Wa tatu alipelekwa na babu, na "ukoo" ukawa Tibanyenda. Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja alijibu kama alivyolielewa swali. Lakini sasa karatasi zinashuhudia kwamba watoto wa tumbo moja ni watu wa koo tatu, na siku ya mirathi au ya kuomba hati ya kusafiria watatakiwa kuapa mbele ya wakili kwamba ni ndugu. Wanaapa kurekebisha kosa ambalo si lao bali la istilahi.

Tena majina ya Kihaya hubeba jinsia. Ko- na Ke- katika mifano yetu ni alama za mwanamke. Jina la namna hiyo likigeuzwa kuwa "jina la ukoo" na kurithiwa na mjukuu wa kiume, maana yake huvunjika. Mfasiri asiyejua hilo ataona neno tu. Mwenye lugha atasikia mwanamume akiitwa binti.

Kwa wanawake walioolewa jambo hili lina uzito wa pekee. Profesa Anna Kajumulo Tibaijuka, mzaliwa wa Muleba, aliliongoza Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi kuanzia mwaka 2000 hadi 2010, na ulimwengu ulimwita kwa jina la mwisho. Jina hilo ni la upande wa mumewe. Tukiliandika chini ya anwani ya "jina la ukoo" tumekosea mara mbili: kwanza, Tibaijuka si ukoo bali ni usemi wa mzazi fulani wa zamani, pili, kwa mila ya Kihaya mke hahamii ukoo wa mumewe. Jina la ndoa ni desturi halali kwa anayeitaka. Lakini liitwe jina la ndoa.

Huenda msomaji akauliza: Je, hili si suala la wanaisimu tu? Wilayani Muleba si la wanaisimu tu, kwa kuwa huko ukoo una nguvu ya sheria, na nguvu hiyo iko juu ya ardhi. Kanuni za sheria za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 ziliruhusu wanawake kurithi, lakini ziliwazuia kuiuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1988 Bi. Holaria Pastory, aliyekuwa amerithi shamba kwa wosia wa baba yake, aliliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Bernardo Ephrahim, mtu wa ukoo wake, alimshtaki katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, akidai kwamba uuzaji huo ni batili. Shauri lilipanda hadi Mahakama Kuu, Mwanza, ambako Jaji Mwalusanya aliamua mwaka 1990 kwamba kanuni hiyo yapingana na haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984, na kwamba mwanamke ana haki ya kuuza sawa na mwanamume. Hukumu hiyo hutajwa hata nje ya nchi.

Shauri hilo halikuhusu majina. Lilihusu haki za wanawake. Lakini mtazame jinsi linavyoitwa: Ephrahim dhidi ya Pastory. Wadaawa ni wa ukoo mmoja, na ukoo huo ndio kiini cha madai, lakini haumo katika jina la yeyote kati yao. Ephrahim na Pastory ni majina yaliyokuja na dini. Mfasiri atakayeyaita "majina ya ukoo" atamfanya msomaji aamini kwamba hawa ni watu wa koo mbili, na hapo shauri zima litakuwa halina maana. Mahali hasa ambapo neno ukoo laamua nani apate shamba, istilahi yetu imelitumia kwa kitu kingine.

Wapo watakaotetea "jina la kwanza, la kati na la mwisho". Istilahi hizo zina sifa moja: hazidanganyi, kwa kuwa hazisemi lolote ila mahali jina lilipokaa. Lakini kwa sababu hiyo hiyo hazimsaidii mwananchi. Aambiwe aandike jina gani mwishoni: lake, la baba au la babu? Karani wa leo atasema moja, na wa kesho jingine. Wengine watasema kwamba desturi imebadilika. Kwamba siku hizi nyumba nyingi za Wahaya zimechagua jina la babu mmoja na kulifanya la wote. Ni kweli, na si kwa Wahaya tu. Nyerere lilikuwa jina la mtu mmoja, Mtemi Nyerere Burito. Kwa mwanawe, Julius Kambarage, likawa jina la baba, na leo ni la familia nzima. Mabadiliko hayo hayatetei "jina la ukoo". Yanaonyesha tu kwamba twahitaji neno la kutaja familia.

Na neno hilo tunalo. Lugha yetu si maskini katika jambo hili. Tumekosa mpangilio tu. Tunapendekeza yafuatayo. "Jina la ukoo" libakie kwa jina ambalo ni la ukoo kweli, kama Mazrui na Mushi. "Jina la familia" litumike kwa jina ambalo nyumba moja imelirithishana, na ndilo wafasiri walitumie kwa majina ya mwisho ya Wazungu, ambao wengi wao hawana koo kwa maana yetu. "Jina la ubini", ambalo wengine hulichanganya na la ukoo, lirudishwe kwenye asili yake, yaani bin, na litaje jina la baba linalofuata la mtoto. Katika fomu, swali liwe wazi: jina lako, jina la baba yako, jina la babu yako. Na pale sheria inapohitaji kuujua ukoo, uulizwe peke yake, kwenye mstari wake.

Mapendekezo haya hayahitaji kuunda neno hata moja jipya. Yanahitaji tu kwamba mwenye kuandika fomu akumbuke kuwa atakayeijaza ana jina alilopewa kwa sababu fulani, na baba aliyepewa lake kwa sababu nyingine. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967 ili Kiswahili kitumike ipasavyo katika shughuli za umma, na hakuna shughuli ya umma iliyo ya mwanzo kuliko kumwandika mtu kwa jina lake. Istilahi sanifu ni ile inayomwezesha mwananchi kusema kweli. Inayomzuia haijawa sanifu, hata ikiwa imepigwa chapa mara elfu.